Hodi ya Katapila

Marehemu mume wangu alikuwa anapiga hodi kwenye katapila. Kila baada ya mapumziko, kabla hajapanda, alilizunguka lote akigonga bati kwa kiganja: huku hodi, kule hodi, mbele kwenye kijiko tena hodi. Halafu anatega sikio. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akasema kwa mtu huingii bila hodi, na mashine iliyozimwa haikosi wenyeji: kuku, mbwa, mtu aliyefuata kivuli au aliyekimbia upepo.

Mungu alipomchukua, kwa ugonjwa wa kifua, kiti chake kilikaliwa na mdogo wake. Mimi nilikuwa tayari nashika bendera palepale kwenye ujenzi, nawaongoza madereva wanaporudi nyuma. Shemeji ana mikono mizuri, angeweza kuokota yai kwa kile kijiko. Ila hodi aliionea haya. Basi nikaichukua mimi. Hawashi mpaka nizunguke, nimwinulie bendera ya kijani. Ndivyo tulivyokubaliana.

Aliyenitania kupita wote ni fundi wa nondo.

"Mama Hodi, leo wamekukaribisha?"

"Bado wamelala. Wakiamka nitawaambia wakupikie, maana wewe hushibi."

Siku moja wingu lilikuwa limetanda na mtaro tuliokuwa tunachimba haujaisha. Mvua ingeshuka, kuta zingeporomoka na kazi ingeanza upya. Fomeni, aliyekuwa mgeni kwetu, akakata mapumziko katikati. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nasali. Nikasikia Shemeji anaitwa kwa ukali. Sala sikuikata, ila baada ya amina nilitoka viatu vikiwa mkononi.

Nikamkuta yuko juu, kidole kwenye ufunguo.

"Washa," fomeni alisema.

"Namsubiri shemeji."

"Umeajiriwa na shemeji yako? Kama huwezi, shuka, nimpigie mwingine simu."

Shemeji ana mtoto mchanga nyumbani, na kazi za katapila haziokotwi njiani. Akanitazama, akamtazama fomeni. Mwisho akachomoa ufunguo, akanirushia, nikaudakia kwenye bendera.

"Zunguka, shemeji. Ila usitembee kama bibi harusi."

Nilivaa viatu kwanza. Nikagonga upande wa kulia. Hodi. Kimya. Nikaenda mbele, hodi, kimya. Fomeni alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Nikapita hadi nyuma, kwenye ule mkia wa chuma unaofagia kila kitu katapila linapogeuka, nikagonga.

"Hodi."

"Karibu," sauti ya usingizi ikajibu kutoka chini.

Alikuwa fundi wa nondo. Amejibanza kati ya mnyororo na lundo la udongo, kofia ngumu usoni, magoti yake chini ya mkia kabisa. Akaondoa kofia, akaniona mimi, kisha akaona chuma kilichokuwa juu yake.

"Nilikimbia upepo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Toka polepole, baba. Usigonge kichwa."

Fomeni alikuja kuchungulia. Akainama, akapima kwa macho nafasi iliyokuwepo kati ya chuma na magoti. Simu akairudisha mfukoni. Akangoja mpaka fundi akasimama na kujikung'uta udongo.

"Mama," akasema, "upande wa kushoto bado."

Nilitaka kwenda, lakini Shemeji alikuwa ameshashuka. Akapangusa viganja kwenye suruali. Akanipita, akaenda upande wa kushoto, akagonga bati kwa kiganja.

"Hodi!"

Miaka yote ile sikujua kwamba ana sauti ya kaka yake. Akatega sikio kama yeye, kichwa kimeinama kidogo, na hakuna aliyecheka. Tone la kwanza la mvua likanidondokea mkononi. Nikampa ufunguo wake, nikasimama mahali pangu, nikainua bendera ya kijani.