Nguo Zikikauka

Daktari alinionyesha kwenye kioo cha mashine yake: kinundu kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kimekaa juu ya uzi wa sauti kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Akasema atakitoa, ni kazi ndogo, siku hiyohiyo nitarudi nyumbani. Kisha akasema sehemu ya pili.

"Baada ya hapo, wiki mbili hutatoa sauti. Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi."

Binti yangu alikuwa amekaa kando yangu, mkoba wangu mapajani mwake. Alicheka mpaka akauziba uso kwa ule mkoba.

"W-wiki mbili," akasema. "M-mama huyu?"

Daktari naye akacheka. Mimi nilikuwa nafikiria simu. Tulipofika kwenye ngazi nikamwona binti yangu kicheko kimemwisha. Wazo la simu lilikuwa limemfikia na yeye.

Ana mfumo wa madobi. Aliutengeneza mwenyewe, sebuleni kwetu, kwenye meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula na sasa tunakula sahani zikiwa magotini. Dobi anaufungua kwenye simu yake, anaandika nguo za nani zimeingia, na siku zikitimia mfumo unamtumia mwenye nguo ujumbe aje azichukue. Dukani hakuna kifaa cha kufunga. Kila kitu kiko kwenye kompyuta tunayokodi huko mbali, ambayo hata sisi wenyewe hatujawahi kuiona. Dobi analipa kidogo kila mwezi, na ndicho tunachokula.

Lakini dobi haingii bila akaunti, na akaunti tulikuwa tunamfungulia sisi. Anapiga simu, mimi naipokea, namuuliza maswali: duka linaitwaje, liko wapi, anafua nini, nguo hukaa siku ngapi. Majibu nayasema kwa sauti, na binti yangu, upande wa pili wa meza, anachapa. Nina stashahada ya uhazili. Chuoni tulifundishwa kwamba simu haifiki mlio wa tatu. Dobi mmoja nilikuwa nammaliza kabla chai haijapoa.

Binti yangu hapokei simu. Ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Vidole vyake vinakimbia bila kujikwaa, lakini ukimpa simu neno la kwanza linakwama mlangoni, na mtu wa upande wa pili, kwa kuwa haoni uso wake, anadhani mtandao umekatika. Anakata. Basi tangu utoto wake mimi ndiye ninayesema. Dukani, shuleni, hospitalini. Akianza sentensi, namalizia, tunasonga mbele.

"N-nitaweka ukurasa," aliniambia tulipofika nyumbani. "W-wajisajili wenyewe. Mteja anafungua, anajibu maswali, a-anapata akaunti. Hakuna..."

"Hakuna kupiga simu," nikasema.

"H-hakuna kumsubiri mtu. Ndivyo nilivyotaka kusema."

"Si ni yaleyale."

Akafungua kompyuta.

Ukurasa ulipokuwa tayari akaniweka mimi niujaribu, maana anajua sina aibu ya kusema kitu kibaya ni kibaya. Maswali yalikuwa yangu, yaleyale, kwa mpangilio wangu. Kila kisanduku alikiwekea kinyota chekundu: usipokijaza huendi mbele. Hilo nililipenda. Kilichonikera ni namba ya uthibitisho ambayo mfumo unamtumia mteja kwenye simu ili ajulikane ni yeye.

"Hii namba inadumu muda gani?"

"S-siku nzima."

"Siku nzima? Benki wanakupa dakika chache tu."

"B-benki wana haraka."

"Na wewe huna?"

"Mtu anaweza kuanza, a-akaitwa na mteja, akarudi. Ukurasa utamkuta palepale alipoachia."

"Mfanyabiashara anasukumwa, mwanangu. Ukimpa nafasi anabadili mawazo."

"M-mama, wanabadili mawazo hata sasa," akasema. Na hilo lilikuwa kweli. Madobi walikuja kwa wingi, na baada ya mwezi wa kwanza wengi waliondoka kimyakimya. Hatukujua kwa nini. Mimi nilikuwa nasema ni ubahili.

Nitasema wazi kilichokuwa kinaninyima raha, na hakikuwa biashara. Koo limeharibika leo, kesho ni goti, keshokutwa ni mimi mzima. Nani atamsemea?

Nikafanyiwa upasuaji, nikarudi nyumbani na koo linalowasha na amri ya kufunga mdomo. Binti yangu akanipa kijiko na kikombe cha bati. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"K-kugonga mfululizo," akaongeza, "ni matusi."

Nikagonga mfululizo.

Ukurasa ukafunguliwa. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na upande wa wenye mfumo, ambako tunaona nani ameanza kujisajili na amefika wapi. Asubuhi ya kwanza dobi mmoja akaingia, akajaza, akamaliza, akapata akaunti, bila mtu yeyote kufungua mdomo. Binti yangu akanitazama kama mtu aliyewasha taa kwa mara ya kwanza. Wakafuata wengine. Mimi nimekaa na kijiko changu kama mlinzi wa geti lisilo na nyumba.

Halafu akaja Dobi wa Paani. Ndivyo alivyoliita duka lake. Akaandika jina, akaandika mahali, akaandika kwamba anafua kila kitu isipokuwa mazulia. Kwenye swali la siku akasimama. Akatoka. Kesho yake akarudi, akasimama palepale. Siku iliyofuata, vilevile.

"A-amekwama," binti yangu akasema.

Nikaonyesha simu kwa kijiko, kisha koo langu, kisha mikono nikaikunjua. Maana yake: ningekuwa na sauti, huyo angekuwa ameshamaliza zamani.

Simu ikalia mchana huo. Mkono wangu ulikuwa umeshaikamata kwa mazoea na mdomo umeshafunguka. Binti yangu akaniwekea kidole kwenye midomo, taratibu, kama anayemzuia mtoto asiamshe wageni, akaichukua simu mkononi mwangu.

Ikalia mara ya pili. Nikatikisa kichwa: iache. Ikalia ya tatu. Akaitazama namba, akaitazama ile ya Dobi wa Paani kwenye kompyuta, zilikuwa zinafanana. Akapokea, akaweka sauti ya nje, akailaza mezani katikati yetu.

"Ha..." akasema. "Ha... ha..."

"Haloo?" Sauti ya mwanamume mzee. Nyuma yake kitu kilikuwa kinapigapiga kwa upepo. "Haloo? Mtandao wenu nao umechoka?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi, zima, limeshavaa viatu. Nikakishika kijiko kwa mikono miwili.

"S-si mtandao," binti yangu akasema. "Ni... ni mimi. Nina k-kigugumizi. U-ukinisubiri, nitafika."

Upande wa pili pakawa na upepo tu. Nilijua sasa anakata. Nimeshaona wangapi.

"Aa," mzee akasema. "Wewe fika tu, mwanangu. Mimi niko huku juu nangoja shuka za watu zikauke. Sina pa kwenda."

Binti yangu akavuta kiti, akakaa.

"Sh-shikamoo."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. U-umekwama wapi, mzee wangu?"

"Kwenye siku. Mnaniuliza nguo hukaa siku ngapi. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Nitajuaje mimi? Muulizeni jua."

Andika mbili, nikasema moyoni. Madobi wengi walikuwa wanasitasita hapohapo, "Aa, mama, inategemea," na mimi nawaambia, haya, tuweke mbili, tusonge mbele. Binti yangu anachapa mbili.

"Mimi sina mashine ya kukaushia," mzee akaendelea. "Nina kamba. Likiwaka, mchana tu zimekauka. Mvua ikikaa, hata wiki inaisha. Sasa nikiwaandikia mbili, nyinyi mnamwita mtu aje, anafika anakuta suruali yake inadondosha maji. Hapo mwongo ni nani? Si ile simu yake. Ni mimi."

Binti yangu akalifikiria hilo, na mzee akamwacha alifikirie. Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"M-mama. Wale wengine wote. W-walisema mbili?"

Nikagonga kikombe mara mbili.

"Ni wewe u-uliyesema?"

Nikagonga mara moja. Kikombe cha bati kina sauti kubwa nyumba ikiwa kimya.

Nilingoja anigombeze. Angekuwa mimi, angenigombeza. Alinisogezea chai yangu karibu, akarudi kwenye simu.

"Mzee wangu, u-ungependa paandikwe nini?"

Mzee akafikiri. Shuka zikapigapiga. Hakuna aliyemharakisha.

"Paandikwe: zikikauka. Zikikauka nitabonyeza mimi mwenyewe, ndipo mumwite mwenye nguo."

"H-hilo naweza. Nipe muda k-kidogo."

"Chukua. Ninao."

Hawakukata simu. Binti yangu akachapa, na mzee huko juu akawa anageuza nguo na kuzisemesha: wewe kola bado, wewe shuka nenda kule. Kitu hiki sikuwahi kukiona sebuleni kwangu, watu wawili kwenye simu bila mtu kusema. Chai yangu ikapoa na nikainywa hivyohivyo.

"F-fungua tena," akamwambia.

"Ngoja nifute mkono. Nina kidole kimoja kikavu." Akabonyeza taratibu. "Imekubali. Imeniandikia karibu."

"K-karibu sana."

"Lakini yule mama yuko wapi? Dobi mwenzangu aliniambia kuna mama mmoja hapo, anakusajili kabla hujamaliza kukohoa."

"Yupo h-hapa. Daktari amemnyamazisha."

"Masikini. Mpe pole." Akafikiri kidogo. "Na daktari mpe hongera."

Binti yangu akacheka hadi akalaza kichwa mezani. Nikagonga mfululizo, na mzee akauliza mvua hiyo imeanza kunyesha wapi.

Vinyota vyekundu akavitoa karibu vyote. Kisha, wiki ya pili, akafanya jambo ambalo kama ningekuwa na sauti ningemkataza. Akatafuta namba za madobi waliotuacha, akaanza kuwapigia mmoja baada ya mwingine. Mimi nimekaa mkabala naye, mdomo umefungwa, kijiko mkononi. Wengine walikata kabla hajafika popote. Alikuwa anaitazama simu kidogo, anashusha pumzi, anabonyeza namba inayofuata. Mmoja alimwambia arudi shule akajifunze kusema. Nilisimama, nikakitupa kijiko, yeye akakiokota na kunirudishia. Lakini wapo waliongoja. Kwao alisema sentensi yake ileile, ni mimi, ukinisubiri nitafika, na akafika, na wakamwambia walichoshindwa kuniambia mimi: kwamba wateja wao walikuwa wanaitwa kuchukua nguo mbichi. Mama mmoja mwenye duka la kona alisema aliona heri arudi kwenye kuandika kwa chaki ukutani. Huyo alijisajili upya siku hiyohiyo, mwenyewe, na kisanduku cha siku akakiacha kitupu.

Nilijifunza kitu kuhusu sentensi zake. Kwa miaka yote hiyo nilidhani nazijua zinakoelekea. Nikiwa nimefungwa mdomo nikaanza kuzisikia mpaka mwisho, na nusu yazo zilikuwa zinakwenda kwingine kabisa.

Wiki mbili zilipoisha daktari akaniangalia koo, akaridhika. Akaniruhusu kuanza na maneno machache, ya chini, bila haraka. Nilikuwa nimeweka akiba ya mambo ya kusema ya kutosha mtaa mzima. Njiani sikusema hata moja. Nilitaka la kwanza nilisemee nyumbani.

Tulikaa kwenye meza yetu, yeye kwake, mimi kwangu, simu ikiwa upande wangu kama siku zote. Akanitazama.

"M-mama, nataka hiyo simu i... i-i..."

Nilikuwa najua. Ikurudie, alitaka kusema. Amechoka, masikini, ameteseka vya kutosha, anataka niichukue kazi yangu. Sauti ilikuwepo, naisikia shingoni, mpya, inangoja tu nifungue. Nikatia kijiko kwenye chai nikakoroga, ingawa sukari ilishayeyuka.

"I-i... ikae upande wangu," akamaliza.

Nikaitazama simu. Nikamtazama yeye. Macho hakuyashusha.

"Chukua," nikasema. Sauti ilitoka ya kukwaruza, kama ya mtu mwingine.

Nikaisukuma. Ilipofika katikati ya meza ikaanza kulia, na akaivuta kwake.

"Ha..." akasema. "Ha..."

Niliinuka nikaenda kuchemsha chai nyingine, na kijiko nikakiacha mezani.