Kijiko Kimoja cha Dawa ya Mizizi

Seli za saratani alizokuwa akizilea mtafiti maabarani zilikuwa sugu kupindukia. Dawa ya hospitali zilikuwa zinaioga tu kama maji, hazifi. Mtafiti alizidondoshea maji yaliyochujwa kwenye magome ya mizizi ya mti wa dawa za kienyeji, akazirudisha kwenye kabati la joto. Alipokuja kuchungulia kwenye hadubini, alizikuta zimekufa fofofo.

Furaha ikamponza. Akitoka kazini alimpitia mama mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni. Saratani ya titi ilikuwa imemrudia, na safari hii dawa hazikumshika. Mtafiti akamsimulia yote. Mama mdogo akaweka mkasi chini.

"Niletee kijiko kimoja tu, mwanangu. Mfa maji haachi kutapatapa."

Mtafiti hakukubali, wala hakukataa. Ila kesho yake alijaza kichupa maji yale ya mizizi, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Mkuu wa maabara, waliyembandika jina la Bwana Subira, akapita mezani kwake.

"Seli nzima, zisizo na saratani, umezijaribu?"

Hakuwa amezijaribu. Akazijaribu, kichupa kikimwelemea mfukoni kama jiwe. Nazo zikafa, tena zikazitangulia zile za saratani. Akaenda kwenye sinki akakimwaga.

"Inaua hata nzima, mama," alimwambia mama mdogo. "Ningekuletea, ningekuua kwa mkono wangu."

"Basi dawa yako haina adabu. Haijui mgeni wala mwenye nyumba."

Wakacheka, kisha mtafiti akalia, na mgonjwa ndiye akawa wa kubembeleza.

Baadaye kule maabarani walipunguza kipimo cha maji yale hadi kikawa hakiui chochote, wakakichanganya na dawa ile ile ya hospitali. Seli sugu zikaanza kulegea, zikafa. Nyingi kati ya zile nzima zikabaki. Bwana Subira alitabasamu kidogo, akasema bado majaribio kwa panya, bado kwa watu, bado miaka.

"Itaniwahi?" mama mdogo aliuliza alipoambiwa.

"Haitakuwahi, mama."

"Afadhali wewe hunidanganyi. Wanaokuja kunitazama wote wananiambia nimenenepa."

Akataka kuziona hizo seli. Mtafiti akamfungulia picha kwenye simu. Mama mdogo akavaa miwani, akaitazama kwa makini kama anayekagua mshono wa mtu mwingine.

"Ndizo hizi zinazonila?"

"Ndugu zao."

"Ndogo hivi, na kiburi chote hicho." Akarudisha simu, akamwomba amtungie uzi kwenye sindano, kwani macho yalikuwa yamechoka na kulikuwa na gauni la watu la kumalizia.