Mabawa Mawili ya Kulia

Mkwe wangu hakuwa na desturi ya kutuita sote wawili siku moja. Alijua tukikaa meza moja hata chai inachacha. Kwa hiyo alipotuita Jumapili ile, mimi na mwanyumba wangu, nilikwenda roho juu, na mwenzangu nilimkuta keshafika, kakaa kiti kinachotazama mlango, pale ambapo mtu humwona kila anayeingia.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu, alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini alizunguka masokoni na mawe yake ya kupimia, akiwaumbua wauza nyama wanaokandamiza mizani kwa kidole. Kazi ile ilimwingia mwilini. Ukimpa mkono, anauangalia kwanza. Sote tunamwita Mkaguzi. Mimi wananiita Bwana Kwaheri, na siwalaumu. Nimekuwa utingo wa lori, mpishi wa meli, mchimba visima na mchora mabango, na mke wangu nimemwacha mara tatu kwa neno la "narudi keshokutwa". Mara ya mwisho, keshokutwa ilichukua miaka minne. Amenipokea, lakini begi langu kaliweka juu ya kabati, mahali ambapo likiguswa tu linaanguka kwa kishindo.

Mezani kwa mkwe palikuwa na boksi refu. Juu yake ilichorwa ndege ya kivita ya zamani, ya pangaboi moja na kiti kimoja, aina aliyokuwa akiihudumia mzee enzi za ujana wake, alipokuwa fundi wa uwanja wa ndege.

"Humu mna ndege nzima, vipande vipande," alisema. "Mbao, mota, betri na rimoti yake. Sasa sikilizeni. Miguu imenikataa, na mwisho wa mwezi ujao nahamia kwa binti yangu mkubwa, dada wa wake zenu. Karakana yangu ya uani naitafutia mtu. Jirani yangu, Mwenye Matairi, anaitaka aifanye stoo. Lakini nyinyi ndio mliooa wanangu. Ijengeni hii pamoja. Siku ya kuhama kwangu, iruke mbele ya macho yangu. Iondoke chini, izunguke uwanja mara moja, irudi ikiwa ndege, si kuni. Ikirudi, karakana ni yenu nyote wawili. Isiporudi, Mwenye Matairi ataanza kupanga matairi yake jioni hiyohiyo."

Karakana ile naijua. Ina meza ndefu yenye majiliwa mawili ya kubania vyuma, mashine ya kukerezea, na bisibisi zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa kama watoto wa shule. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuwa na mlango ambao naufungua asubuhi nikasema hapa ndipo kazini kwangu. Nilipomweleza mke wangu, aliacha kukunja nguo.

"Ukiipata hiyo, nitaamini umerudi," alisema. "Ukiikosa, nakujua. Nyayo zitaanza kukuwasha kabla mwaka haujaisha."

Mkaguzi naye, Jumapili ileile, alikuwa amenisindikiza mpaka getini kwa mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nakwambia mapema, mwanyumba. Nusu yako utaiuza upate nauli."

"Na wewe, mwanyumba, nusu yangu utaipima mpaka iwe robo."

Tulianza kwa kujenga kiwiliwili cha ndege, kibarazani kwake, sote wawili tukitazamana. Siku ya tatu ikapotea skrubu moja kati ya zile za kushikia mota. Alinitazama mifuko. Nikaitoa nje yote miwili mbele ya mkewe. Tukatambaa chini nusu saa, mpaka shemeji akamwambia mumewe, "Hebu inua mguu, baba." Skrubu ilikuwa imejichoma kwenye soli ya ndara ya Mkaguzi mwenyewe. Badala ya kuona haya, aliniuliza imefikaje pale.

Hapo nikasema basi. Kila mtu ajenge bawa moja nyumbani kwake, tukutane mwishoni. Akakubali haraka mno, na ule wepesi wa kukubali ulinikosesha raha. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha ya kigeni anayoijua kidogo, kwa hiyo akakishika yeye. Mchoro wa bawa ulikuwa mmoja tu. Akautoa kopi, akaniandikia juu kwa kalamu nyekundu: KUSHOTO. Yeye akabaki na kulia.

"Kitabu nitakiona lini?" niliuliza.

"Kila utakapofika hatua, nitakusomea."

"Yaani niwe naomba ruhusa?"

"Yaani usirukie mbele ukaharibu."

Sikumwomba anisomee hata mstari mmoja. Mtu aliyechimba visima bila ramani ataogopa bawa? Nilitandika mchoro juu ya ubao ulionyooka, nikaufunika kwa nailoni ili gundi isishike, nikazipanga mbavu za mbao juu ya mistari, kila ubavu na pini yake. Mbao zile ni nyepesi, ukipiga chafya unazitafuta chumba cha pili. Nilifanya kazi asubuhi, mlango nimeufunga. Baada ya wiki nilimtuma mke wangu kwa dada yake, aende kama anamsalimu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Kaziba dirisha kwa magazeti."

"Umeona mtu yule! Anaficha nini?"

Mke wangu alitazama dirisha letu, ambalo nililiziba kwa shuka tangu siku ya kwanza.

Siku sita kabla ya mzee kuhama, tulikutana nyumbani kwake. Mkaguzi alilileta bawa lake limefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Mimi langu lilikuwa ndani ya mkeka. Tukafungua kwa pamoja, maana hakuna aliyekubali kutangulia, tukayaweka mezani ubavuni mwa kiwiliwili.

La Mkaguzi lilikaa pale pale. Langu nililiweka upande wa kushoto, ukingo mnene wa mbele ukatazama nyuma. Nikaligeuza liangalie mbele, tumbo likawa juu. Nikaligeuza tena. Mabawa yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwa ya kulia.

"Umeniandikia kushoto kwa mkono wako," nilisema. "Kwa kalamu nyekundu."

"Niliandika kwa sababu lilikuwa la kushoto."

"Mchoro ni wa kulia!"

"Mchoro ni mmoja! Ningejuaje?"

"Kitabu unacho wewe! Umenificha maelekezo ili nishindwe, mwezi mzima nikijenga takataka. Mmekula njama na Mwenye Matairi."

"Na mimi je, siikosi karakana hiyohiyo? Mtu hujikata pua yake?"

"Leta kitabu," alisema mkwe.

Mkaguzi alikitoa mfukoni, akafungua, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyoshuka. "Kwa bawa la kushoto... geuza mchoro juu chini... paka mafuta mepesi... mistari ionekane kwa nyuma..." Akafunga kitabu.

"Ulikuwa hujausoma?" aliuliza mzee.

"Nilisoma kurasa za bawa la kulia tu, baba. Za kushoto zilikuwa zake. Nilingoja aje kuniuliza."

"Naye hakuja."

"Hakuja."

Mzee alitutazama mmoja mmoja. "Mficha uchi hazai," alisema, akafumba macho kama anayetaka kulala.

Sikumwamini Mkaguzi, si mara moja. Lakini mbao za akiba hazikuwepo. Ilibidi bawa moja livunjwe, mbavu zake zijenge la kushoto. Nililichukua lake nikalipeleka dirishani, nikalikagua kama yeye alivyokuwa akikagua mizani. Nilikuwa natafuta kosa, kwa sababu kosa moja lingetosha kuvunja lake badala ya langu. Nikapita ubavu kwa ubavu. Nikalilaza juu ya kioo cha meza, nikainama kuona kama kuna mwanga unapita chini. Haukupita. Kisha nikalilaza langu. Ncha yake ilikuwa imejipinda kama ulimi wa kiatu kilichonyeshewa.

Nikaomba maji ya moto na siki, nikalowesha kitambaa, nikaanza kuilainisha gundi ya bawa langu.

"Unafanya nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Navunja langu."

"Kwa nini lako?"

"Lako zuri."

Alilichukua bawa lake taratibu, akalipeleka dirishani, akaanza kulipima upya mwanzo mpaka mwisho, akitafuta nimeona nini.

Tulijenga la kushoto kwenye meza ya mzee, mlango wazi, Mkaguzi akisoma, mimi nikibana pini. Kila aliposoma sentensi nilimwambia airudie, nione kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Siku ya tano tuliyavisha mabawa yote karatasi yake nyembamba, tukafunga waya, tukapima uzito wa mbele na nyuma kwa ncha za vidole. Hapo alikuwa bwana, siwezi kumnyima haki yake. Aliongeza vipande vya madini ya risasi puani kidogo kidogo, mpaka ndege ikakaa juu ya vidole bila kuinama.

Jumamosi, siku ya mzee kuhama, tulikwenda uwanja wa mpira wa shule, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mzee alikalishwa kwenye kiti, mabinti zake pembeni. Mwenye Matairi naye alikuja. Alijiegemeza kwenye goli, futi ya kupimia inaning'inia kiunoni. Keshaanza, nikajisemea.

Ikaja habari ya rimoti.

"Nipe," nilisema.

"Sikupi. Ukiiangusha makusudi?"

"Niiangushe makusudi nipate nini?"

"Sijui. Hicho ndicho kinachonitisha."

"Basi nawe huishiki."

Rimoti ina vijiti viwili. Cha kushoto kinaongeza na kupunguza moto wa mota na kupindisha mkia. Cha kulia kinainua na kushusha pua na kulaza mabawa. Tukakubaliana kila mtu ashike kimoja, mimi cha kushoto, yeye cha kulia. Tulisimama bega kwa bega, shavu karibu na shavu, kama watu wawili wanaokunywa bakuli moja. Mabinti wa mzee walicheka mpaka wakashikana.

"Ongeza," alisema Mkaguzi.

Nikaongeza. Ndege ikakimbia, ikayumba kushoto, nikairudisha kwa mkia.

"Inua! Wewe, inua!"

"Usinipigie kelele sikioni!"

Akainua. Ikaondoka chini.

"Moto zaidi," mzee alipaza sauti kutoka kitini. "Ilaze kulia. Taratibu! Huo si mlango wa kusukumwa."

"Ongeza, mwanyumba."

"Nimeongeza. Inua pua."

"Nainua. Inazama, ongeza!"

Ilipofika juu ya goli la mbali iligeuka ikaja kwetu, na hapo kila kitu kinageuka: ukilaza kulia, machoni inakwenda kushoto. Mkaguzi akaganda. Kidole chake kilibaki palepale juu ya kijiti, na ndege ikaanza kuelekea kwenye madarasa. Ningeweza kukipora kijiti chake. Mkono ulishanyanyuka.

"Jifanye umekaa ndani yake," nilimwambia polepole. "Kulia kwako ni kule. Mimi niko kwenye moto, siuachii."

Akavuta pumzi, akalaza. Ndege ikapita juu ya paa, ikarudi uwanjani.

"Punguza," alisema.

"Napunguza."

"Kidogo tena."

Ikagusa, ikaruka kama panzi, ikagusa tena, ikasota kwenye majani na kusimama. Gurudumu moja likaendelea na safari peke yake mpaka miguuni kwa Mwenye Matairi.

"Limetoka!" alisema, akiliinua juu. "Hiyo si nzima."

"Nilisema irudi ikiwa ndege," mzee alijibu. "Ulimwona wapi ndege anahesabiwa kwa magurudumu? Lirudishe la watu."

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ufunguo wa karakana. Ulikuwa mmoja. Akauweka kwenye kiganja, akatungoja.

Nilimwona Mkaguzi akiukodolea macho. Nami niliutaka, sitadanganya.

"Mpe yeye, baba," nilisema.

Mkaguzi hakuupokea. Alirudi nyuma hatua moja, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akamgeukia mke wangu, ambaye kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni.

"Kwa nini unipe mimi?" aliuliza. "Unaondoka lini?"

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni," nilisema. "Ukichelewa kunifungulia, nitajua una lako."

Aliufikiria huo muda kwa makini. Kisha akauchukua ufunguo, akaupima uzito kiganjani.

"Saa moja na nusu," alisema.