Kuku Hawazungushwi Jiko la Gesi

Kuku hukamatwa alfajiri, wakiwa bado wamelala kwenye fito zao, na huwekwa gizani. Rosalbina Cuaspud alilijua hilo tangu utotoni. Jua lilipoanza kuchungulia juu ya Túquerres, mji wao wa milimani, kuku wake wote na jogoo wao, Askofu, walikuwa ndani ya matenga yaliyofunikwa magunia, kimya kama watu wa misa ya kwanza. Kelele zote zilitoka kwa dereva.

"Mama, kwani huko Puerto Asís hakuna kuku?" aliuliza Segundo, mtoto wake wa ubatizo, huku akikaza kamba juu ya vitanda vilivyopakiwa kwenye lori.

"Wapo. Lakini hawanijui."

Akaingia jikoni kuaga. Mafiga yalikuwa bado na joto: mawili meusi, ya tangu enzi za mama yake, na la tatu jeupe-jeupe, jiwe aliloliokota mtoni mwenyewe. Figa la tatu la asili liliibwa zamani, majira yaleyale binti yake Nubia alipoolewa na kuhamia nchi ya joto, huko Puerto Asís. Mwizi Rosalbina alimjua: jirani yake Laureana, ambaye kila siku alikuwa akiusifia moto wa jiko lile. Tangu hapo hakumsalimia tena, hata msibani.

Mafiga hakuyachukua. Nani anahama na mawe? Nubia ana nyumba, na nyumba ina mafiga. Ukimfikisha kuku ugenini unamzungusha mara tatu kwenye mafiga ya nyumba mpya, naye anasahau alikotoka. Usipomzungusha, atatoroka akafie njiani. Huko milimani hata mtoto anajua hivyo.

"Nisikilize, Segundo," alisema akipanda lori, mkono mmoja ukishika nyonga. "Kuku wakitulia, nabaki. Wasipotulia, kesho unaturudisha sote."

"Na vitanda?"

"Na vitanda."

Segundo hakucheka. Ni yeye aliyemkuta mama huyu siku ile alipoteleza kwenye barafu ya asubuhi, amelala uani mpaka mchana, hana wa kumsikia ila kuku. Lo, uzee wa peke yake na baridi ile! Nubia alilia kwenye simu mpaka mama akakubali kuhama.

Barabara ya kushuka kwenda Mocoa haina utani. Ukungu ulikuwa mzito, na Rosalbina alivua shali lake akafunika matenga, yeye akabaki anatetemeka. Kwenye kona moja yenye misalaba mingi walikutana na lori linalopanda, ikabidi Segundo arudi kinyumenyume, gurudumu la nyuma likichungulia korongo. Akafanya ishara ya msalaba. Ndipo kwenye tenga lililokuwa miguuni mwa Rosalbina, kuku mzee aitwaye Madoa akapiga kelele: ko-ko-ko-kooo!

"Jamani! Mimi natubu dhambi zangu, huyu anataga!"

"Kila mtu na kazi yake. Angalia nyuma."

Walipofika chini joto liliwapokea vibaya. Kuku walianza kuhema, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Rosalbina aliamuru lori lisimame kivulini penye kijito, akafunua magunia, akawachovya midomo majini mmoja mmoja na kuwalowesha miguu. Yeye mwenyewe alisahau kunywa.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka walipofika. Nubia alitoka mbio, akamkumbatia mama pamoja na Madoa aliyekuwa kwapani, akaonyesha banda jipya la kuku alilolijenga kwa mikono yake. Rosalbina alilisifu, kisha akaenda moja kwa moja jikoni. Akasimama mlangoni.

"Mafiga yako wapi?"

"Mama, sisi tunapikia gesi."

"Gesi! Nitamzungushaje kuku kwenye kitu kilichoegemea ukuta?"

Huko uani mambo yalikuwa hayohayo. Segundo alifungua matenga, kuku wakatoka, wakalitazama banda, wakageuka. Mmoja baada ya mwingine walirukia lori na kurudi ndani ya matenga yao. Askofu alipanda juu na kuwika kana kwamba anatoa amri ya kuondoka.

Rosalbina alitoka nje. Alipanda lori akakaa, Madoa mapajani. Roho ilimuuma kweli, kwa sababu nyonga yake ilishajua kwamba kule juu hawezi tena.

"Sikukasirikii, mwanangu. Nyumba yako nzuri. Ila haijatupokea. Segundo, kesho alfajiri."

Nubia alimtazama, akaingia ndani. Alirudi ameinama, amebeba jiwe, akalitua katikati ya ua. Lilikuwa jeusi, limelika upande mmoja pale chungu kilipokuwa kikikaa.

"Nililichukua mimi, mama."

"Wewe?"

"Nilikuwa msichana mdogo, naogopa huku. Nikasema nikiwa na jiwe moja la nyumbani sitapotea."

"Na mimi nimemnunia Laureana miaka yote hii! Maskini, hata mumewe alipokufa sikumpa mkono!"

Segundo aliangua kicheko, akatazamwa, akanyamaza.

"Figa moja haliinjiki chungu," Rosalbina alisema, sauti bado kali.

"Sikutaka kuinjika chungu. Siku niliyofika nililizunguka. Mara tatu."

 Rosalbina akashuka kwenye lori. Alimzungusha Madoa, akawazungusha na wenzake, mmoja mmoja, na Askofu ambaye alimdonoa Segundo kidole. Akawaachia mbele ya banda. Madoa alikuna ardhi, akafikiri, akaingia. Wengine wakamfuata.

Nubia akanyoosha mkono.

"Bado mmoja, mama."

"Mimi si kuku."

"Najua."

Akampa mkono. Walizunguka taratibu, kwa ajili ya nyonga, na katika mzunguko wa pili Rosalbina alianza kulia wala hakujificha. Walipomaliza wa tatu, Segundo alikuwa amesimama nyuma ya lori, kamba mkononi.

"Na vitanda, mama?"

"Vishushe. Kisha nipe simu yako, nimpigie Laureana."