Kushuka Cheptais Bila Gia

Wabwile aliogopa watu wawili duniani: mama mkwe wake, na tajiri yake Eliakim. Mteremko wa Cheptais hakuuogopa, na hapo ndipo alipokosea.

Siku hiyo, mwaka wa hamsini na mbili, lori la Eliakim lilikuwa limebeba magunia ya mahindi kwenda stesheni ya Bungoma. Nasambu, mkewe Wabwile, aliketi mbele pamoja naye. Mama yake Nasambu, Sellah, alipanda nyuma juu ya magunia, maana kwao mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Nafasi mbele ilikuwepo, lakini mila ni mila.

Mteremko ulipoanza, Wabwile akatoa gia, akazima injini. Ndivyo Eliakim alivyowaagiza madereva wake.

"Gia kwa mlima inakunywa petroli yangu na inakula injini," alizoea kusema. "Mlima inashuka bure. Na nyinyi mushuke bure."

Dereva aliyemtangulia Wabwile alibisha, akanyang'anywa ufunguo, na sasa alikuwa akilima mashamba ya watu huko Bokoli. Kwa hiyo Wabwile alishuka bure, mguu kwenye breki, miezi yote hiyo.

Lori likateremka kimya. Ulisikika upepo tu, na matairi. Kisha Nasambu akakunja pua.

"Nini inaungua?"

Zilikuwa breki. Wabwile akakanyaga, mguu ukazama mpaka sakafuni kama amekanyaga uji. Akavuta breki ya mkono. Ikalia, ikatoa moshi, basi. Lori likazidi kukaza mwendo. Kule chini aliona daraja la mbao, na juu ya daraja wanawake wenye vikapu wakitoka sokoni.

"Wabwile! Watu!"

"Naona!"

Alichoogopa zaidi kilikuwa nyuma yake. Akiligongesha lori kwenye ukingo wa barabara, Sellah atarushwa, maana hana cha kushika ila kamba. Asipoligongesha, atawasaga wale wanawake. Alitaka kulia. Mwanamume mzima, na masharubu yake yote, alitaka kulia.

Akazungusha ufunguo, akakanyaga klachi, akasukuma gia. Gia ikasaga meno, ikakataa. Akamwachia Nasambu usukani, akasukuma kwa mikono miwili huku mkewe akimwita Yesu. Ikaingia. Alipoachia klachi, injini ikaamka na lori likashtuka kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Mwendo ukapungua. Akashusha gia nyingine. Injini ikapiga yowe, mwendo ukapungua tena. Wanawake walikuwa wamekwisha kurukia mtoni. Lori likavuka daraja polepole, likakwea kidogo ng'ambo ya pili, likasimama.

Sellah akateremka kwa kutambaa. Leso ilikuwa imemtoka kichwani. Hata hivyo alimpa mkwe wake mgongo, akasema, "Nasambu, uliza bwana yako, kwa nini alizima gari?"

"Ambia mama," Wabwile akamjibu mkewe, akitazama magoti yake, "tajiri hataki gia. Ati inamaliza petroli. Atanifuta kazi."

"Muulize basi, kama tungekufa, hiyo petroli nani angempelekea tajiri yake?"

Nasambu hakupeleka neno. Alikuwa analia.

Walingoja mpaka breki zikapoa. Kutoka hapo, kila mteremko Wabwile aliushuka kwa gia ya pili, mguu mbali na mafuta, injini ikiunguruma na jasho likimtoka. Roho yake ilikuwa imekwisha kutangulia Bungoma, imesimama mbele ya Eliakim.

Eliakim alikuwa akingoja uani kwake, Bungoma. Hakusalimu. Alifungua tangi, akatumbukiza kijiti cha kupimia, akakiinua juani. Wabwile akajiona ameshika jembe, yuko Bokoli.

Eliakim akatabasamu.

"Umeona? Petroli iko pale pale ya kila siku. Mtu akinisikiza, inabaki."

Wabwile akakaa chini kwenye vumbi. Aliwakumbuka wote aliokuwa amewapakia juu ya magunia miezi yote hiyo, wazee, akina mama na watoto mgongoni. Hofu ya pale darajani ikamrudia upya, mara hii kwa ajili yao.

"Leo nimeshuka na gia, mzee," alisema. "Milima yote, kutoka daraja."

Eliakim akamtazama. Akakipangusa kijiti kwa suruali yake, akakitumbukiza tena.