Mtutu wa Gobore la Baba

Laku aliporudi kijijini kwao Lobule kutoka ukimbizini Zaire, alifukua mtutu wa gobore la marehemu baba yake, alioufukia siku walipokimbia vita. Kitako cha mti alikuwa amekichonga kambini, kwa kukumbuka tu umbo la mtutu. Akaupaka mtutu masizi, akaulaza kwenye mfereji wa kitako, akauinua, akakwangua kwa patasi kila mahali pa mti palipochafuka kwa kugusana nao, mpaka chuma kikatulia barabara. Moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akachungulia ndani ya mtutu, akaona mwanga ukipenya ubavuni. Kutu ilikuwa imeutoboa.

“Iko nini, Baba Kenyi?” mkewe, aliyeitwa Afisa, akamuuliza.

“Hii nikipiga, itaniua mimi mwenyewe.”

Akaung'oa mtutu, akamnyooshea kitako. “Chukua, kapikie.”

Afisa alikipokea, akakipeleka jikoni. Kuni nyingine hazikuwepo.