Hariri Hukatika

Kidani kilipoletwa kimekatika kwa mara ya tatu, Mafundo alijua kabla leso haijafunguliwa. Aliyekileta ni Jicho, shemeji yake. Alikiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kijivu, taratibu mno, kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.

"Dada, kazi hiyo," alisema. "Mke wangu ana mikono ya chuma. Sijui tunamlisha nini."

Baba akacheka kwenye benchi lake. Baba alicheka kila Jicho alipofungua kinywa, hata kama hapakuwa na cha kuchekesha.

Nyumba hii ya usonara ilikuwa na watu wanne tu. Baba aliyeyusha dhahabu na kuchagua lulu. Jicho alipachika vito vya rangi, zumaridi na yakuti na feruzi, na mkono mtulivu kama wake haukupatikana mtaa mzima. Ndiyo maana Baba, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alimpa binti yake mdogo na benchi la dirishani kwa pamoja. Huyo binti mdogo waliyemwita Kitinda ndiye aliyeuza mbele dukani, na kila siku ilimbidi avae kidani cha nyumba, urithi wa bibi yao: lulu kubwa kuliko zote mbele ya koo, nyingine zikipungua ukubwa hadi kisogoni. Wateja walitakiwa waione kazi kabla ya kuuliza bei. Na Mafundo, mkubwa, ambaye hakuolewa na hakupenda kuulizwa kwa nini, ndiye aliyezitunga lulu. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi. Baina ya lulu na lulu alipiga fundo moja la hariri, ili uzi ukikatika idondoke lulu moja tu.

Na hata hiyo moja ilikuwa balaa. Lulu ikigusa sakafu, aliyeiona hupiga ukelele, "Mguu!" na watu wote huganda walipo, mteja naye, mpaka ipatikane. Akiwa na miaka sita, Mafundo aliwahi kusimama kwa mguu mmoja mpaka akajikojolea. Baba alikuwa hajawahi kukanyaga lulu maishani mwake, na aliyekaa naye chai mbili lazima ameshalisikia hilo.

Mafundo akafungua leso. Uzi uliochakaa hukatikia karibu na kifungo, mahali unaposuguana. Huu ulikatika ubavuni, na mafundo ya mbele yalikuwa yamekazwa hata sindano isingepenya. Ndani yake hariri ilikuwa imegeuka rangi ya kutu, rangi ya damu iliyokauka. Lulu moja haikuwepo, na iliyokuwa jirani yake ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Kucha haikwaruzi lulu hivyo. Jiwe hukwaruza, na Jicho alivaa pete ya yakuti nyekundu.

Mara ya kwanza aliambiwa ni kitasa cha mlango. Akashuku, akanyamaza, akatunga upya kwa hariri nyembamba kidogo. Mara ya pili aliiona hiyo rangi ya kutu, na hapo hakuwa na la kushuku tena. Akanyamaza vilevile, akachukua hariri nyembamba zaidi, ili mkono ukivuta tena uzi uwahi kukatika kabla ya pumzi. Alijiona mjanja. Tuseme ukweli: ule ulikuwa woga, woga mtupu, umevaa miwani ya ujanja.

"Mara tatu!" Baba alikuja na lenzi yake, akainama, akauona mkwaruzo. Mishipa ikamsimama. "Nani kaikwaruza lulu ya mama yangu?"

"Kitinda havui pete akivaa lulu," Jicho alisema. "Nimesema mpaka nimechoka."

"Na wewe Mafundo, hariri yako imeoza? Safari hii tunga kwa waya. Ule wa chuma uliosukwa."

"Waya hapana, Baba."

"Nimesema waya! Hata ng'ombe akiuvuta haukatiki."

"Hariri hukatika, Baba. Ndiyo kazi yake. Waya ukikataa kukatika, kitakatika kingine."

Baba alimkodolea macho asielewe. Jicho alielewa. Kengele ya dukani ikalia, na kwa kuwa Kitinda alikuwa nyumbani na kile mumewe alichokiita homa, Baba akaenda mwenyewe kumsikiliza mteja.

Jicho akaurudisha mlango nyuma yake.

"Umesema kitakatika nini, dada?"

Aliushika mkono wa kushoto wa Mafundo kwa adabu zote, akakiingiza kidole cha shahada katikati ya meno ya jiliwa iliyofungwa ukingoni mwa benchi, akazungusha mpini. Mzunguko wa kwanza ulibana. Wa pili ulipasua ukucha. Mkono wake mwingine ulikuwa umemziba Mafundo mdomo, na pete ikimsaga ufizi. Kule dukani Baba alikuwa akimsifia mtu zumaridi.

"Ukimwonea huruma mdogo wako, usiniudhi," Jicho alimnong'oneza. "Ukiniudhi hapa, nalipizia kule. Tumeelewana?"

Alizungusha mara ya tatu ingawa kichwa cha Mafundo kilikuwa kinakubali kwa nguvu zote. Mfupa ukalia. Kisha akailegeza jiliwa, akampa pamba, akarudi kwenye benchi lake akipiga mluzi.

Baba aliporudi aliuliza kidole kimefanya nini.

"Nimejibana, Baba."

Ndiyo, alisema hivyo. Akachukua waya, akajaza pengo kwa lulu ya kwenye droo, akatunga kwa vidole tisa. Waya haupigwi fundo, kwa hiyo lulu zilikaa zinagusana. Kila moja aliyoivusha aliiona shingo ya Kitinda, ile aliyokuwa akiipaka poda baada ya kumwogesha akiwa mtoto, wakati mama yao hajiwezi kitandani, na akajiambia: hii ndiyo kamba ya kumnyongea, na anayeisuka ni mimi.

Katika nyumba ile kazi haikutoka bila kujaribiwa. Mtu wa nyumba huvaa, naye aliyetunga husimama nyuma na kuvuta kwa vidole viwili, Baba akitazama. Aliyevaa siku zote alikuwa Kitinda.

"Tungoje apone," Mafundo alisema.

"Kungoja nini? Shingo si shingo? Vaa wewe," Baba akamwambia Jicho.

Jicho akaangua kicheko. "Haya, leo mimi ndiye bibi harusi." Akaketi kwenye kigoda, akainua ukosi wa shati, akajishika kidevu kwa madaha. Baba naye akacheka hadi akakohoa.

Mafundo alimfunga kidani. Akaingiza vidole viwili kati ya lulu na kisogo, akavuta.

"Umeona?" Baba alisema. "Kitu kinashika hicho. Basi, mvue."

Hakumvua. Alikunja ngumi ndani ya waya, akaizungusha, akaweka goti mgongoni pa shemeji yake, na kuvuta kwa uzito wake wote.

Kigoda kilianguka, nao wakaanguka pamoja. Jicho alijaribu kupenyeza kucha chini ya lulu lakini hapakuwa na nafasi hata ya ukucha. Alirusha kiwiko kikampata Mafundo puani, akasikia damu ya moto ikimwingia kooni. Kiwiko cha pili kikang'oa jino. Hakuachia. Kidole kilichovunjika kilikuwa ndani ya ile ngumi na kila Jicho alipojipiga chini kilimchoma mpaka begani, na maumivu yale yalimsaidia, maana alikuwa analia kwa hasira na hakutaka kunyamaza.

"Utamuua! Una wazimu?" Baba alimvuta nywele. Alipoona hasikii, akampiga kofi, akampiga la pili. "Mwachie mwanangu!"

Mwanangu. Alisema hivyo. Mafundo akakaza.

Mlango wa uani ukafunguka. Kitinda aliingia, kajifunga mtandio mzito hadi kidevuni, mkono umenyooka mbele na kiganja kiko wazi.

"Baba, nimeipata," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Ilikuwa uvunguni mwa kitanda."

Alikuwa ameiokota lulu iliyopotea, akatoka kitandani na kuileta, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

"Dada yako anamuua mumeo!" Baba alipiga kelele. "Njoo unisaidie!"

Kitinda alimtazama mumewe pale sakafuni, uso umeiva, macho yamemtoka. Hakumkimbilia. Alianza kuufungua mtandio, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka ukaanguka.

Baba alikuwa mtu wa kupanga lulu kwa ukubwa tangu sauti yake haijavunjika. Aliisoma ile shingo kama alivyosoma trei zake. Alama kubwa mbele ya koo, nyeusi. Kila upande ndogo kidogo, halafu ndogo zaidi, zikipungua kuelekea kisogoni, na baina ya alama na alama kijinafasi cha fundo. Safu ya juu ilikuwa mbichi. Chini yake palikuwa na nyingine zilizokwisha kugeuka njano. Hakuhitaji lenzi kuzitambua lulu za mama yake.

Mikono yake ikatoka kwenye nywele za Mafundo. Aliiendea koleo ya kukatia. Wala hakuharakisha. Alipiga goti, akapenyeza ncha chini ya kifungo, akaukata waya.

Hapakuwa na fundo hata moja la kuzizuia. Lulu zote zilimwagika kwa mpigo, zikaruka, zikabingirika chini ya mabenchi. Hakuna aliyesema "Mguu!" lakini kila mtu aliganda. Mafundo aliganda kapiga magoti, damu ikimchuruzika. Hata Jicho, aliyekuwa akikoroma huku ameegemea viganja vyake, hakuthubutu kusogea.

Baba akainua mguu.

Lulu ya kwanza ilipasuka chini ya kisigino chake. Akaenda. Ikapasuka ya pili. Alipofika kwa Jicho alikanyaga kile kiganja cha kulia, kiganja alichokifundisha mwenyewe kushika kalamu ya kuchongea, akasimama juu yake kwa miguu miwili mpaka vidole vikaacha kucheza. Jicho alipiga yowe lisilo na sauti. Baba akashuka, akazidi kwenda juu ya lulu za mama yake hadi kwa Kitinda, akamkumbatia, akilia kama aliyefiwa.

Kitinda hakulia. Juu ya bega la baba yake alikuwa anamtazama dada yake.

"Uzi ulikuwa unazidi kuwa mwembamba," alisema. "Mara ya kwanza nilidhani hariri imekuishia. Mara ya pili nikajua umejua." Akameza mate kwa shida. "Nikawa nakuja dukani kila siku, dada. Nakaa pale mbele yako, nangoja useme."